Karanga ni mzio wake, au ana mzio wa karanga?

SWALI: Mwanangu wa miaka mitatu alivimba midomo baada ya kula kashata. Hospitali wameandika “ana mzio wa karanga”. Mama mkwe anasema sivyo, aliyekulia Kiswahili husema “karanga ni mzio wake”. Jirani yeye ni “aleji” tu. Nani kasema sawa? Na je, ni sahihi kusema amerithi mzio huo kwa baba yake, ambaye ana pumu? (Mama wa Tanga)

JIBU: Pole kwa mtoto, mama. Mama mkwe wako ana hoja. Katika Kiswahili cha zamani, mzio ni kile chakula chenyewe: kitu ambacho mtu hali, ama kwa kuwa kinamdhuru, ama kwa kuwa ukoo umekikataza. Hapo mzio na mwiko walikuwa wakikaa nyumba moja. Neno hili lina ndugu zake bara. Waganda huita omuziro yule mnyama au kitu ambacho ukoo hauruhusiwi kula, na mtoto huupata kwa baba. Wanyarwanda husema kirazira kwa jambo lililokatazwa.

Waganga wa hospitali walipohitaji neno la Kiswahili, walilichukua hili na kuligeuza kidogo. Sasa mzio si karanga tena, ni hali ya mwili: kinga inaiona karanga kama adui na kuishambulia. Ndiyo maana daktari anasema “ana mzio wa karanga”, kama tunavyosema “ana homa ya matumbo”. Matumizi yote mawili ni Kiswahili safi. Usichanganye tu ndani ya sentensi moja. “Aleji” nayo imeshazoeleka, sioni sababu ya kumkosoa jirani. Asili yake ni neno alilolibuni daktari Clemens von Pirquet wa Vienna mwaka 1906, akiunganisha maneno mawili ya Kigiriki.

Kiunganishi ndicho kinachowasumbua wengi. Ukitumia mzio, sema mzio wa karanga. “Mzio dhidi ya karanga” ni mzigo usio na faida. Kwa aleji, watu husema “aleji ya” na “aleji na”, zote zinasikika vizuri. Na kile kinachoamsha mzio, yaani karanga, chavua, vumbi la godoro au mende, mimi hukiita kichochezi. Nimeona baadhi wakiandika “vizio”, lakini kizio tayari ni kipimo, kama mita na kilo, na msomaji atapotea.

Kuna sentensi moja inayonitia wasiwasi zaidi ya hizo zote: “Kipimo kimeonyesha ana mzio.” Tazama kipimo cha ngozi kinavyofanyika. Mhudumu huweka matone kwenye mkono, moja la maji ya chumvi, moja la histamini (kemikali ya mwili inayoleta uvimbe wa mzio), mengine ya vichochezi, kisha huchoma kidogo juu ya kila tone. Baada ya dakika 15 hadi 20 hutazama vivimbe. Kivimbe kilichozidi kile cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi huhesabiwa chanya. Hicho chanya kinasema mwili umeandaa silaha dhidi ya karanga. Hakisemi kwamba utazitumia. Wapo wengi ambao ngozi au damu yao inaonyesha chanya, nao wanakula karanga bila shida yoyote. Kwa hiyo daktari huanza na historia: alikula nini, kiasi gani, dalili zilikuja baada ya dakika ngapi. Midomo ya mwanao kuvimba ni ushahidi mzito kuliko kivimbe cha mkononi. Ningeandika: “Kipimo cha ngozi ni chanya kwa karanga, na dalili zake zinaafikiana nacho.” Ndefu kidogo, lakini ni kweli.

Tofautisha pia na mtu anayesema “maziwa yananisumbua tumbo”. Mara nyingi huyo amepungukiwa kimeng'enya cha kuyeyusha sukari ya maziwa, kinga yake haihusiki. Huo si mzio, hata kama damu yake, kama tusemavyo, haipatani na maziwa.

Sasa kurithi. Usiseme amerithi mzio wa karanga. Baba ana pumu, mtoto ana mzio wa karanga: kilichopita kati yao ni mwelekeo wa mwili kuzua mizio, na kichochezi kinaweza kuwa kingine kabisa. Utafiti wa mapacha uliochapishwa Marekani mwaka 2000 ulikuta jozi 9 kati ya 14 za mapacha wa kufanana wote wawili wana mzio wa karanga. Kwa mapacha wasiofanana ni jozi 3 tu kati ya 44. Damu ina nguvu, basi. Lakini hizo jozi 5 zilizobaki zina jeni zilezile, na pacha mmoja alisalimika. Mazingira nayo yana mkono: ngozi iliyopasuka kwa pumu ya ngozi, moshi, umri ambao mtoto alianza kuonja chakula. Utafiti wa London wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto wachanga walio hatarini, wakilishwa karanga mapema chini ya uangalizi, mzio ulipungua kwa takriban asilimia 80. (Huo ni uamuzi wa daktari, na haumhusu mtoto ambaye tayari amevimba.) Sema: “Amerithi mwelekeo wa mizio kwa baba yake.”

Kwa mwalimu wa chekechea andika wazi, bila istilahi: “Mtoto huyu ana mzio wa karanga. Asipewe karanga, kashata za karanga, wala kisamvu kilichoungwa kwa karanga. Akivimba uso au akishindwa kupumua, apelekwe hospitali mara moja, kisha nipigiwe simu.”