Mtoto akiharisha, usiyasingizie meno

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi tisa alipoanza kuharisha. Meno mawili ya chini yalikuwa yanachomoza, na kila jirani aliyepita uani aliniambia, "Meno hayo, mama, yatapita." Nikatulia. Kesho yake jioni alilia nikiwa nimempakata, nikamfuta uso, kitambaa kikabaki kikavu. Sauti imekwaruza, mdomo mkavu, machozi hakuna. Nilipogusa utosi, ulikuwa umebonyea.

Kituo cha afya, muuguzi alifinya ngozi ya tumbo lake akaiachia. Haikurudi hapo hapo. Ilibaki imesimama kidogo, kisha ikalala polepole. "Mtoto ameishiwa maji," akasema, na sura yake ilinitisha kuliko maneno.

Tangu siku ile sikubali mtu aniambie meno yanaharisha. Umri wa kuota meno ndio umri wa kutambaa, kuokota kila kilicho sakafuni na kukitia mdomoni, na ndio umri wa kuanza uji na vyakula vingine. Vijidudu hupitia humo. Na wale wanaosema ni "meno ya plastiki" na kumpeleka mtoto akang'olewe vichipukizi vya meno, naomba kwa moyo wote: msifanye hivyo. Kichanga anaweza kuvuja damu nyingi na kupata maambukizi mabaya, na kuhara hakukomi kwa sababu hiyo.

Kinachomuua mtoto anayeharisha mara nyingi ni kuishiwa maji na chumvi. Kwa hiyo jambo la kwanza ni ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji. Soma pakiti: nyingi hukorogwa kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Pima kwa chupa ya lita moja, si ile ya lita moja na nusu, wala usikadirie nusu pakiti kwenye kikombe. Maji yakipungua chumvi inazidi, na hiyo nayo ni hatari. Yakifika saa 24, mwaga, koroga mengine. Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe robo hadi nusu kikombe kila baada ya kuharisha. Ziwa usimkatize, na anayekula aendelee kula.

Omba pia vidonge vya zinki. Kuanzia miezi sita ni miligramu 20 kwa siku, chini ya hapo miligramu 10, kwa siku 10 hadi 14. Hata choo kikishakuwa kizuri, maliza siku zake. Flajili na antibiotiki za kununua kwa kubahatisha ziache dukani: kuhara maji kwa watoto wadogo mara nyingi huletwa na virusi, na dawa hizo hazigusi virusi.

Ukiona damu kwenye choo, mtoto anatapika kila anachopewa, hawezi kunyonya wala kunywa, macho yameingia ndani, amelegea au haamki vizuri, usisubiri kupambazuke.

Wa pili alipoharisha akiwa na mwaka mmoja, nilikuwa na pakiti mbili kabatini. Usiku ule alitapika kijiko cha tatu. Zamani ningekata tamaa. Safari hii tulisubiri dakika kumi, tukaanza upya: kijiko kimoja, dakika mbili tatu, kijiko kingine. Baba yake alishika kikombe na kuangalia saa, mimi nikashika kijiko. Alikuwa ananigeuzia uso, nami nampangusa kidevu, najaribu tena. Karibu na adhana ya alfajiri nikambadilisha nepi. Ilikuwa nzito kwa mkojo. Nikamwonyesha baba yake, tukacheka wote wawili, kisha nikampa ziwa akalala.