Dubai hadi Guangzhou: mbona kurudi ni haraka hivyo?

SWALI: Habari mtaalamu. Nafuata nguo Guangzhou, China, na huwa naunganisha ndege Dubai. Tiketi inasema natoka Dubai 10:00, nafika Guangzhou 21:15. Kurudi natoka 00:15, nafika Dubai 04:55. Kwenda masaa kumi na moja, kurudi hata matano hayatimii! Ni kilomita ngapi, na kurudi kuna njia ya mkato? (Mfanyabiashara, Kariakoo)

JIBU: Mkato haupo, dada. Tena kurudi ndiko kunakochukua muda mrefu zaidi.

Tiketi huandika saa ya mji ulipo. Guangzhou imetangulia Dubai kwa masaa 4, na Dar kwa 5. Masaa yako 11 na robo ya kwenda, toa 4: utakaa kwenye ndege masaa 7 na dakika 15. Yale 4 na dakika 40 ya kurudi, ongeza 4: masaa 8 na dakika 40. Na angalia hiyo 00:15. Ni saa sita na robo usiku, tarehe imeshageuka. Tiketi ikisema tarehe 12, uwe uwanjani tarehe 11 jioni. Nimeona watu wakiachwa kwa hilo tu.

Umbali mfupi kabisa ni kama kilomita 5,830. Kwenye ramani ya ukutani miji hiyo inakaribia kuwa sambamba, ila kwa kuwa dunia ni tufe, mstari mfupi hupinda kaskazini hadi maeneo ya Nepal. Hapo ndipo sisi wapanga njia tunapokuna kichwa. Everest ina mita 8,849 na ndege huwa juu ya mita 10,000, kwa hiyo kupita inapita. Lakini hewa ya ndani ikivuja, rubani lazima ashuke upesi hadi kama mita 3,000, kwa sababu oksijeni ya barakoa za abiria ni ya dakika chache tu. Sasa chini kukiwa na uwanda wa Tibet, wenye wastani wa zaidi ya mita 4,000, atashukia wapi? Ndiyo maana tunapita kusini zaidi, juu ya tambarare za India, kisha Myanmar na jimbo la Yunnan, kusini mwa China. Tuseme kilomita 6,000.

Kinachotofautisha kwenda na kurudi ni upepo. Huko juu kuna mkondo wenye kasi unaovuma kutoka magharibi. Ndege ya kilomita 900 kwa saa ikisukumwa na upepo wa 100, inamaliza njia kwa masaa 6. Ikipambana nao, masaa 7 na nusu. Ongeza kutembea uwanjani, kupaa na kupanga foleni ya kutua, maana tiketi huhesabu tangu ndege inapoondoka mlangoni hadi inaposimama.

Mkondo huo hukaa kusini mwa milima ya Himalaya, ile yenye Everest, wakati wa baridi, halafu kuanzia Juni huhamia kaskazini na tofauti inapungua. Ukirudi Januari, usiunganishe ndege ya Dar kwa saa moja na nusu. Mimi ningeacha masaa matatu.