Maswali ya Wasomaji: Vivuli vyangu vinaonekana kama matundu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nachora picha za ziwa na kuwauzia wageni pale Capri Point, Mwanza. Mteja mmoja alitazama machweo yangu akasema nimejaribu uimpreshonisti ila bado sijaiva. Kaka yangu anasema waimpreshonisti walikuwa wachoraji wasiomaliza kazi zao. Walikuwa akina nani, na walitofautianaje na wenzao wa karne ile ya 19? Na kwa nini vivuli vya mitumbwi yangu vinaonekana kama matundu kwenye picha? (Mchoraji, Kirumba)

JIBU: Marahaba mwanangu. Aliyoyasema kaka yako yalishasemwa Paris mwaka 1874. Mchoraji Claude Monet na wenzake walifanya maonyesho yao wenyewe, kwenye iliyokuwa studio ya mpiga picha Nadar. Mhakiki Louis Leroy akaandika gazetini kwamba hata karatasi ya kubandika ukutani, kabla haijakamilika, imekamilika kuliko picha ya bandari aliyoileta Monet. Picha hiyo iliitwa "Impression, soleil levant", yaani taswira ya haraka ya jua linalochomoza, na jina la kundi zima, waimpreshonisti, likatoka hapo.

Ili uwaelewe, anza na waliowatangulia. Walimbwende, yaani wachoraji wa mkondo wa hisia kali (Romantics), walitaka picha ikutikise moyo. Mwaka 1819 Théodore Géricault alionyesha picha ya chelezo cha meli Méduse, iliyokwama karibu na pwani ya Afrika Magharibi mwaka 1816. Watu wapatao 150 walipakiwa kwenye chelezo hicho; walipookolewa walikuwa wamebaki 15. Picha ina urefu wa karibu mita 5 kwa upana wa mita 7, maiti wako chini, na juu kabisa kijana mweusi anapunga kitambaa kwa meli iliyo mbali mno. Sisi tuliozika ndugu zetu Igoma mwaka 1996, baada ya meli ya MV Bukoba kuzama, tunaielewa picha hiyo bila mkalimani. Kwangu hakuna picha ya karne ile inayoizidi.

Kisha wakaja wanauhalisia, waliochora maisha kama yalivyo. Gustave Courbet mwaka 1849 alichora wanaume wawili wanaponda mawe ya barabara, mzee na kijana, karibu na ukubwa wa mtu wa kweli, nyuso zao huzioni. Watu wa Paris walikasirika, maana ukubwa ule ulikuwa wa wafalme na watakatifu. Kina mama wanaoponda kokoto kwenye milima yetu wangekaa vizuri kabisa katika picha ya namna hiyo. Ya Courbet yenyewe haipo tena. Iliangamia katika Vita Kuu ya Pili.

Wakina Monet wao walishughulikia mwanga. Kilichowasaidia ni kitu kidogo sana: tyubu ya bati ya kutilia rangi, aliyoibuni Mmarekani John Goffe Rand mwaka 1841. Kabla yake rangi ya mafuta ilihifadhiwa kwenye vibofu vya nguruwe, ikikauka upesi na kuvuja njiani. Tyubu ikamruhusu mchoraji kukaa ufukweni akimaliza kazi hukohuko, na kwa kuwa mwanga haumsubiri mtu, mkono ulilazimika kwenda mbio. Kaka yako anaiona mbio hiyo anadhani ni uvivu. Berthe Morisot alikuwa nao tangu maonyesho hayo ya kwanza. Tafuta picha yake ya mama anayemtazama mtoto aliyelala kwenye kitanda cha kichanga, uone alivyochora chandarua kwa rangi chache tu. Akina Seurat na van Gogh walikuja baadaye, nao wanahitaji barua yao wenyewe.

Sasa vivuli. Unatumia nyeusi tupu, sivyo? Waimpreshonisti wengi waliikwepa. Mkemia Michel Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zinaonekana zimefifia. Akagundua kosa halikuwa kwenye nyuzi, ni rangi jirani zilizokuwa zikilidanganya jicho. Kitabu chake kilitoka mwaka 1839, na wachoraji wakajifunza kwamba buluu na rangi ya chungwa zikikaa pamoja, kila moja huiamsha mwenzake.

Nenda Mwaloni saa kumi na mbili kasoro jioni, utazame mchangani, upande wa mtumbwi usiopata jua. Utaona zambarau, na buluu iliyoshuka kutoka angani, na karibu na ubao mwekundu kivuli kinachukua wekundu kidogo. Changanya buluu na kahawia iliyoungua (burnt sienna), ongeza tone la nyekundu, nyeusi uiache nyumbani.

Na jua lako usiliongezee nyeupe ili ling'ae. Piga picha machweo yako kwa simu, uiondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Jua la Monet ukilifanyia hivyo karibu linapotea, kwa sababu uangavu wake unalingana na wa anga. Linawaka kwa sababu ni chungwa katikati ya buluu ya kijivu. La kwako likibaki doa jeupe, lipunguze nyeupe na uongeze buluu pembeni yake.