Maswali yenu kuhusu ndoto za Fellini, dairekta wa filamu wa Italia

Nimeanza kuangalia filamu yake 8½, dakika za mwanzo sijaelewa kitu. Nimepitwa na nini?

Hujapitwa na kitu ndugu yangu. Jamaa kakwama kwenye foleni, moshi unaanza kujaa ndani ya gari, anagonga vioo, muziki hakuna, unasikia pumzi zake tu, na watu wa magari mengine wanamtazama kimyaa, halafu anachomoka juu ya paa anapaa mpaka mawinguni, kumbe kafungwa kamba mguuni na kuna mtu ufukweni anamvuta chini. Huyo Guido ni dairekta na filamu yake imemgomea. Ila kabla hujayajua hayo kifua kishakubana, si ndiyo? Basi umeelewa.

Hayo mambo Fellini aliyatoa wapi?

Usingizini, kweli kabisa. Ernst Bernhard, mwanasaikolojia wa mkondo wa Carl Jung, yule mchambuzi wa ndoto, ndo alimshauri aweke daftari la ndoto, na tangu miaka ya 1960 akawa akiamka anazichora kwa rangi. Mkono alikuwa nao, ujanani alikula kwa kuchora vikatuni.

Mbona bahari ya Amarcord (1973), ile filamu yake ya kumbukumbu za utoto, inaonekana feki?

Ni feki, zile ni karatasi za plastiki, studio za Cinecittà hapo Roma. Hata ile meli inayopita hapo, Rex, ilikuwepo kweli enzi za Mussolini ila hii ya kwenye filamu imetengenezwa, na mimi hapo ndo Fellini ananimaliza, manake ukikumbuka utoto wako hukumbuki maji, unakumbuka mng'ao wake. Mji mzima uko kwenye vimashua usiku wanaisubiri, wengine washasinzia, mara inatokea, mataa kibao, na yule kipofu mpiga kodiani anavua miwani anauliza ikoje? ikoje? Kila nikifika hapo narudisha nyuma.

Ni Fellini peke yake aliyetengeneza filamu za ndoto hivi?

Hapana. De Sica, dairekta mwingine wa Italia, huyuhuyu wa Ladri di biciclette (wezi wa baiskeli), kwenye filamu yake ya mwaka 1951 aliwapaisha maskini kwa mifagio juu ya kanisa kuu la Milano. Itafute, Miracolo a Milano.

Nianze na ipi?

Amarcord, usiku, simu iweke mbali. Kuna babu anatoka nje kwenye ukungu anapotea, anauliza nyumba yake iko wapi, anaambiwa si hii hapa umesimama mbele yake. Kisha mjukuu anatoka kwenda shule, ukungu uleule, anakutana na dume la ng'ombe jeupe, kubwa, limesimama tu linamwangalia.