Maswali ya Wasomaji: Kompyuta ya sebuleni inadai pasiwedi ambayo haipo

SWALI: Habari fundi. Mimi napiga video za harusi, kazi zote zinakaa kwenye desktopu ya sebuleni, mdogo wangu ndo anaediti kwa laptopu yake chumbani, zote ni Windows 11. Tunahamishia kwa flashi, sasa juzi flashi imerudi kutoka stationari folda zote zimegeuka shortcut, siku nzima imepotea hapo. Nikaambiwa niunganishe kwa waifai ya nyumbani. Nimejaribu, laptopu inaiona desktopu ila nikibonyeza inadai pasiwedi, na desktopu yangu haijawahi kuwa na pasiwedi! Halafu hii kitu haitanilia bando? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Salama ndugu yangu, na pole sana kwa hiyo flashi.

Nianze na bando maana naona ndo linakutia wasiwasi. Halitaguswa hata kidogo. Faili linatoka desktopu, linapita kwenye rauta, linaingia laptopu basi, halitoki nje ya nyumba. Hata vocha ikiisha kabisa, ilimradi rauta inawaka, kazi itaendelea.

Sasa hiyo pasiwedi. Tatizo ni hilohilo ulilolisema mwenyewe, kwamba desktopu haina. Windows ina utaratibu wake, akaunti isiyo na pasiwedi inaruhusiwa kufunguliwa pale pale kwenye kioo chake tu, ukija kwa njia ya netiweki inakukatalia, na ni vizuri inakataa maana kila mgeni uliyempa waifai angejichukulia harusi za watu. Na wale wanaofungua kwa PIN wajue PIN haivuki kwenda kompyuta nyingine, mimi iliwahi kunisumbua toka asubuhi mpaka adhuhuri naandika PIN sahihi kabisa na inakataa, kumbe inataka pasiwedi yenyewe ya akaunti.

Kwa hiyo usihangaike na akaunti yako, iache ilivyo. Nenda setingi za akaunti kwenye desktopu, ongeza mtumiaji mpya asiye na akaunti ya Microsoft, muite mdogo, mpe pasiwedi ya maana. Kisha bonyeza kulia folda ya harusi, ingia "Properties", halafu "Sharing", halafu "Share", mchague huyo mdogo. Hapo utaulizwa anasoma tu au anaandika pia. Video mbichi mpe kusoma tu, nakusihi, kwa sababu kitu kikifutwa kupitia netiweki hakiendi kwenye kapu la taka, kimeenda moja kwa moja, na harusi hairudiwi. Mtengenezee folda ya pili ya kazi zilizoeditiwa, hiyo ndo umpe kuandika.

Kwenye laptopu fungua dirisha la mafaili, pale juu andika \\SEBULENI kama ndo jina la desktopu yako, ikiuliza jina weka SEBULENI\mdogo na ile pasiwedi, tiki pale pa kukumbuka. Jina likigoma tumia namba ya desktopu kwenye netiweki, mfano \\192.168.1.5, utaipata kwenye desktopu yenyewe ukifungua Command Prompt na kuandika amri ya ipconfig. Na waifai iwe imewekwa "Private" kwenye kompyuta zote mbili, ikiwa "Public" Windows inajifungia kama vile uko stendi.

Mtu akikwambia washa SMB1 ndo mambo yakae sawa, kataa. Ule ni mfumo wa zamani wa kompyuta kupeana mafaili kwenye netiweki, Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita humohumo kikafunga kompyuta nyingi duniani, na Windows za sasa huja bila huo mfumo kwa sababu hizo.

Kwa video kubwa waifai itakuchosha. Vuta kebo ya netiweki mpaka chumbani kama unaweza, ila angalia rauta yako kwanza, nyingi za bei nafuu matundu yake ni ya megabiti 100 kwa sekunde, hapo faili la GB 20 litachukua kama nusu saa, wakati kwenye tundu la gigabiti ni kama dakika tatu nne hivi diski zikiwa nzuri.

Na zima ile setingi ya desktopu kulala ikiachwa, maana ikilala tu mdogo wako ataona folda imepotea na ataanza kukuita kutoka chumbani.