MUULIZE MUUGUZI: "Nimevuta miaka 24, kuacha sasa kuna faida gani?"

Shikamoo mama muuguzi. Mimi ni dereva wa lori la masafa, Dar mpaka Tunduma. Nina miaka 41. Sigara nilianza nikiwa utingo, nina miaka 17. Nikiwa nyumbani pakiti moja inanitosha kutwa, barabarani zinafika mbili, hasa kwenye foleni ya mizani na pale mpakani. Ya kwanza naiwasha hata sijapiga mswaki. Nina kikohozi mwezi wa nne sasa. Mwanangu wa miaka 4 anabanwa kifua usiku na mke wangu anasema ni moshi wangu, ingawa nyumbani huvutia dirishani. Niliwahi kuacha siku 9, nikarudia. Wazee wa kijiweni wanasema mtu aliyezoea akiacha ghafla mwili unashtuka, anaweza kufa. Wengine wanasema nihamie shisha. Mimi naona mapafu yameshaharibika, kuacha kutanisaidia nini?
Dereva, Kihonda, Morogoro

Marahaba mwanangu. Nianze na kikohozi, maana hicho hakingoji. Kikohozi kikizidi wiki 2, nenda kituo cha afya cha serikali ukapimwe makohozi kama una kifua kikuu. Kipimo ni bure, na dawa ni bure. Anayevuta sigara yuko katika hatari ya TB karibu mara mbili ya asiyevuta, na wewe kutwa umefunga vioo kabini na utingo wako. Ukiona damu kwenye makohozi, au suruali zinaanza kukulegea kiunoni bila sababu, usingoje safari iishe. "Ni kikohozi cha sigara tu" ni maneno niliyoyasikia wodini miaka 31, na wengi walioyasema walikuwa wamekuja wamechelewa.

Kuhusu wazee wa kijiweni: kuacha sigara ghafla hakuui. Utakuwa na hasira za karibu, usingizi utapotea, kichwa kitauma, utatamani kula kila kinachopita. Siku 3 za mwanzo ndizo kali, halafu makali hushuka kidogo kidogo kwa wiki 3 au 4. Kikohozi nacho chaweza kuongezeka mwanzoni, na hapo ndipo watu hurudia wakidhani sigara ilikuwa dawa yao. Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo mno vinavyofagia uchafu kuupandisha juu. Moshi huvilaza. Ukiacha vinaamka, vinaanza kufagia, nawe unakohoa.

Swali lako kubwa ni kama umeshachelewa. Kule Uingereza Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa kiume kwa miaka 50, kuanzia 1951. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2004 yalionyesha kuwa waliovuta maisha yao yote walikufa kama miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Lakini walioacha wakiwa na miaka 40 hivi waliokoa karibu 9 kati ya hiyo 10. Walioacha na 60 waliokoa kama 3. Wewe una 41. Hesabu hiyo naomba uende nayo mpaka Tunduma.

Hata kabla ya miaka hiyo, mwili unaanza kurudi. Moshi wa sigara una kaboni monoksaidi, hewa ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani. Inaing'ang'ania damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Siku moja au mbili bila sigara, imetoka. Baada ya mwaka, ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo imepungua karibu nusu.

Sitakudanganya kwamba yote hurudi. Vifuko vya hewa vilivyokwisha kupasuka mapafuni havioti tena. Baba yangu alikuwa seremala Korogwe, akivuta tangu ujana. Miaka yake ya mwisho alikuwa akivaa shati anafunga vifungo vitatu, anakaa kitandani kuhema, ndipo anamalizia viwili. Usiku alikuwa hawezi kuzima koroboi kwa pumzi. Anakunja midomo, anapuliza, mwali unainama tu kisha unasimama tena. Akawa anaizima kwa kuipungia kofia, na sisi watoto tukajifanya hatuoni. Aliacha akiwa na miaka 66. Kilichobaki kilimtosha kukaa barazani, hakikumtosha kufika msikitini. Ndiyo maana nakuomba uache sasa, ungali unaweza kupanda na kushuka kabini bila kushika kifua.

Tuje kwenye kuacha kwenyewe. Hukuniambia siku ya 10 kulitokea nini, ila nadhani ulikuwa umekaa mahali pale pale unapovutia siku zote. Nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayomfanya mtu awe mraibu, hufika ubongoni kwa sekunde chache, na kila baada ya saa 2 hivi nusu yake imekwisha mwilini. Ndiyo sababu ukiamka unaitafuta kabla ya mswaki; usiku kucha mwili umefunga. Lakini kiu yenyewe ikipanda haikai, kwa kawaida hupoa ndani ya dakika chache. Kazi yako ni kuzivuka dakika hizo, na mikono iwe na shughuli. Kwenye foleni ya mizani usibaki kabini: shuka, zunguka ugonge matairi yote, kunywa maji, menya chungwa. Kahawa ya rangi na bia ni marafiki wakubwa wa sigara, vipunguze mwezi wa kwanza.

Chagua tarehe ukiwa na mapumziko nyumbani. Sipendi siku ile ya pili, ambayo akili haitulii, ikukute unashuka Kitonga na mzigo. Mwambie mkeo, mwambie na utingo, na kuanzia siku hiyo kabini asivute mtu. Usibebe pakiti "ya akiba", na zile za kuuziwa moja moja kando ya barabara uzihesabu kuwa ni pakiti. Ukiteleza ukavuta moja, usiseme basi yameisha. Endelea kutoka hapo hapo. Zipo pia plasta na bigijii za nikotini. Ulizia famasi kubwa za mjini na uzungumze na daktari, maana kwa mtu wa pakiti mbili zinasaidia kweli.

Shisha usiiguse. Yale maji hupoza moshi tu, sumu inapita, na mtu huivuta kwa saa nzima. Isitoshe serikali iliipiga marufuku mwaka 2016.

Na mtoto: dirisha halimkingi. Moshi hurudi ndani, unakaa kwenye pazia na kwenye shati unalombebea. Mpaka utakapoacha, vuta mbali kabisa na nyumba na ubadili shati kabla ya kumshika. Mpelekeni akapimwe pumu wiki hii, mkeo ameona sawasawa.

*

Mama, sisi ni wakulima wa tumbaku, Urambo. Nyumbani hakuna anayevuta, lakini siku za kuchuma wanangu wanarudi jioni wanatapika, wana kizunguzungu na kichwa kinauma. Majirani wanasema ni njaa.
Mama wa watoto watatu

Mama mwenzangu, hiyo ni nikotini ile ile. Jani bichi la tumbaku likilowa umande, mvua au jasho, nikotini hupita kwenye ngozi na kuingia mwilini. Mtoto huumia upesi kwa sababu mwili wake ni mdogo. Kwa kawaida hali hupoa ndani ya siku moja au mbili, lakini akitapika mfululizo au akiishiwa nguvu, mkimbize zahanati, na akiwa na homa apimwe malaria.

Watoto watoeni kabisa kwenye kuchuma na kufunga majani ya kupeleka bani, yaani banda la kukaushia, na mjamzito vilevile. Mtu mzima angoje umande ukauke, avae mikono mirefu na glovu, nguo ikilowa aivue, akitoka shambani aoge kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto anyonyaye.