Matete Yamestawi, Ng'ombe Anatetemeka

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mkulima wa tumbaku wilayani Urambo, na nafuga ng'ombe wawili wa maziwa. Msimu huu wa mvua niliyawekea matete mbolea ya tumbaku iliyosalia pamoja na samadi, yakakolea kijani, nami nikaanza kuyakata yakiwa kimo cha goti. Ng'ombe aliyezaa mwezi uliopita akatetemeka misuli, akayumba na kuanguka, hadi daktari wa mifugo alipomdunga dawa yenye magnesiamu. Je, mbolea imeyatia majani sumu?

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna sumu, kilichoharibika ni uwiano wa madini. Mbolea ya NPK 10:18:24 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu), ambayo wakulima wengi wa tumbaku wanaifahamu, imesheheni potasiamu, na samadi iliyochanganyika na mkojo huongeza potasiamu hiyo hiyo. Nyasi huifyonza kupita haja yake, na kadiri inavyoifyonza ndivyo magnesiamu inavyopata shida kupenya mizizini. Kisha, tumboni mwa ng'ombe, potasiamu huizuia tena hata ile kidogo iliyopatikana. Ng'ombe mzima hana akiba ya magnesiamu anayoweza kuichota upesi, ilhali kila akamuliwapo hutoka na maziwa, ndiyo maana aliyeanguka ni huyo aliyezaa karibuni. Maabara hugawanya potasiamu kwa jumla ya kalsiamu na magnesiamu, kwa kipimo cha milikwivalenti (kinachohesabu chaji za umeme za madini badala ya uzito wake), na jawabu likizidi 2.2 hatari huwa imekaribia.

Kimo cha goti nacho kimechangia. Majani machanga ndiyo yenye potasiamu na naitrojeni nyingi zaidi. Yakikomaa, potasiamu hushuka kwa kasi kuliko kalsiamu na magnesiamu. Subiri yafikie mita 1 hivi, lakini usingoje mabua yawe magumu, kwani protini nayo itakuwa imekwenda.

Mbolea ya tumbaku iache shambani kwa tumbaku. Matete yape samadi kiasi, na yurea kidogo kidogo baada ya kila mkato, kwa kuwa naitrojeni ya mkupuo mmoja nayo huzuia magnesiamu tumboni. Changanya malisho na lukina au majani mengine ya jamii ya mikunde, ambayo yana kalsiamu na magnesiamu zaidi ya nyasi. Chumvi ya Uvinza inafaa, kwa maana upungufu wa sodiamu huzidisha tatizo, ila haitoshi peke yake: mnunulie aliyezaa madini ya mifugo ambayo lebo yake inataja magnesiamu. Udongo wenu wa kichanga ukipimwa na kuonekana una tindikali, chokaa ya dolomaiti huleta kalsiamu na magnesiamu pamoja, ingawa matokeo yake huchukua muda.